Jahazi Lisilofika: Hadithi za Kumlaza Mtoto

Mhadhara kwa wazazi na walimu wa madarasa ya awali, Tanga

Paukwa!

Ahsanteni. Mmeitikia vizuri. Hata yule mzee pale nyuma, niliyemwona akisinzia tangu risala ya ufunguzi, amefumbua macho na kusema "Pakawa" kabla hajajua anaitikia nini. Na hilo ndilo tatizo langu la leo. Neno moja limeamsha ukumbi mzima, saa tisa ya mchana, baada ya pilau. Sasa fikirini mnalitamka neno hilohilo saa mbili usiku, kando ya kitanda cha mtoto wa miaka minne, na mnachotaka ni alale.

Nimefundisha fasihi simulizi miaka mingi, na ngano nimezisimulia mashuleni, kwenye matamasha, mara moja hata juu ya lori. Kwa hiyo mjukuu wangu alipokuja kukaa nasi likizo ya Desemba, nilimwambia bibi yake apumzike, kumlaza huyu ni kazi yangu. Nikampa zimwi. Zimwi kamili: sauti ya kifuani, macho ya kutumbua, vidole vinavyotambaa juu ya shuka, na pale zimwi lilipobisha hodi nikagonga ubao wa kitanda kwa ngumi. Mtoto alifurahi mno. Saa nne alikuwa bado amekaa kitako ndani ya chandarua akitaka kujua zimwi lina meno mangapi, na kama hupiga mswaki. Saa nane akaamka analia, godoro limelowa. Bibi yake alinitazama kwa jicho ambalo sioni haja ya kulieleza mbele za watu.

Ndipo nikaanza kujiuliza jambo ambalo nilipaswa kujiuliza darasani miaka thelathini iliyopita. Hizi hadithi zetu za usiku zilikuwa za kazi gani?

Tunapenda kusema kwamba wazee wetu waliwalaza watoto kwa ngano kando ya moto. Maneno hayo yana ukweli nusu. Moto ulikuwepo, lakini juu ya moto kulikuwa na chungu, na ndani ya chungu kulikuwa na makande yasiyotaka kuiva. Mtoto akipitiwa na usingizi kabla ya chakula, basi kalala na njaa, na kumwamsha mtoto wa namna hiyo ili ale ni vita. Kwa hiyo bibi alisimulia ili mtoto *asilale*. Kwingine watu walikuwa wanapukuchua mahindi usiku, na hadithi iliwekwa pale ili mikono isisimame. Tazameni vifaa vyake. Mwito wa mwanzo unadai jibu. Katikati kuna wimbo unaoimbwa na wote. Msimulizi anasimama ghafla na kuuliza, "Mko?", na asiyejibu anajulikana amelala, anachekwa. Vyote hivyo ni vifaa vya kukeshea.

Hata Shahrazadi. Wengi wetu tulimjua kwa Kiswahili kupitia Alfu Lela Ulela iliyofasiriwa na Edwin Brenn akisaidiana na Frederick Johnson. Mwanamke yule alisimulia usiku, kitandani, ndiyo. Lakini ufundi wake wote ulikuwa kukata hadithi mahali penye utamu ili sultani abaki na hamu. Angekuwa anasimulia hadithi za kumlaza mtu, sultani angelala vizuri, angeamka asubuhi na mapema, na angemkata kichwa.

Kwa hiyo hadithi ya kumlaza mtoto ni ufundi mwingine kabisa. Tunaweza kuchukua mbao kutoka kwenye ngano zetu, lakini samani tunayotengeneza ni nyingine. Na ni samani ya ajabu kidogo, kwa sababu fundi wake anatamani isimalizwe kutumika. Hadithi ya kulalia iliyofanikiwa ni ile ambayo msikilizaji hajui iliishaje.

Walimu mko hapa, kwa hiyo tuanze na hesabu. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo ambao madaktari wengi wanaufuata hadi leo: mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilitoa viwango vilevile vya saa 10 hadi 13 kwa watoto wa miaka 3 na 4. Sasa mtaani kwetu kuna gari la shule, sitasema la shule gani, linalopiga honi saa kumi na moja alfajiri. Mtoto wa miaka mitano anapanda gari hilo akiwa na soksi moja mkononi. Hesabuni kurudi nyuma. Ili apate saa 10 tu, kiwango cha chini kabisa, anatakiwa awe *amelala*, si awe kitandani, saa moja usiku. Saa moja! Magharibi ndiyo kwanza imeswaliwa, baba yuko kwenye foleni, na wali bado umepaliwa makaa.

Gari lile siwezi kulisimamisha. Nimejaribu, niliandika barua, ikajibiwa kwa adabu. Ninachoweza ni kupunguza muda unaopotea kati ya mtoto kupanda kitandani na mtoto kulala. Katika nyumba nyingi ninazozijua muda huo ni saa nzima, wakati mwingine saa moja na nusu, na umejaa maji ya kunywa, choo, maji tena, mbu, kilio, na kofi. Jambo linalowapotosha wazazi ni kwamba mtoto aliyechoka kupita kiasi haonekani amechoka. Mtu mzima akichoka hulegea. Mtoto akichoka hukimbia. Anacheka hovyo, anaruka kochi, dakika mbili baadaye analia kwa sababu kijiko chake ni cha bluu. Mama anasema, "Huyu hana usingizi kabisa, acha kwanza acheze." Mtoto yule usingizi ulishampita kitambo kama basi lisilosimama, na sasa anasubiri la pili.

Huku kwetu jua limetufanyia hisani. Mwaka mzima, Tanga, Mombasa, Unguja, linatua baada ya saa kumi na mbili na kabla ya saa moja. Mzazi wa Sweden ana miezi ya kiangazi ambayo saa nne usiku nje bado kweupe, na anamlaza mtoto nyuma ya mapazia mazito. Sisi giza tunaletewa mlangoni, bure, kila siku kwa wakati uleule. Halafu tunalifukuza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwafuata watoto 10 wa miaka 3 hadi 5 majumbani mwao, wakawazoesha mwanga hafifu, kisha jioni moja wakawapa michoro ya kuchezea juu ya meza yenye taa kali kwa saa nzima kabla ya kulala. Melatonini, ile homoni ambayo mwili huimwaga giza linapoingia ili kuuambia kwamba usiku umefika, ilishuka kwa karibu asilimia 88. Dakika 50 baada ya taa kuzimwa, kwa wengi wao ilikuwa bado haijarudi. Watoto 10 ni wachache, na meza ile ilikuwa na mwanga mkali kuliko simu ya kiganjani. Lakini mimi nina ushahidi wa mtaani. Umeme ukikatika kwetu, watu wazima hulalamika na watoto hulala.

Najua mtanijibu kwamba nyumba zenyewe ni chumba na sebule, televisheni iko hatua nne kutoka kitandani, na tamthilia ya saa tatu haina mpinzani. Ni kweli. Sijaja kumwambia mtu azime tamthilia. Nataka kuondoka hapa salama. Nasema dakika kumi. Sauti chini, taa ya chumbani imezimwa, pazia limeshushwa. Kelele za mbali watoto wetu wamezizoea tangu tumboni. Kinachowaamsha ni mwanga, na kuona kwamba wakubwa wanapata utamu ambao wao wamenyimwa.

Sasa kuhusu utaratibu. Mwaka 2009 Jodi Mindell na wenzake walichapisha utafiti wa akina mama 405 na watoto wao wa miezi 7 hadi miaka 3. Akina mama waliopewa utaratibu walifanya mambo matatu kila usiku kwa mpangilio uleule: kumwogesha mtoto, kumpaka mafuta kwa kumkanda, kisha kitu cha utulivu kama kumbembeleza au kumwimbia, na taa inazimwa ndani ya nusu saa. Katika wiki mbili tu watoto walikuwa wanalala upesi zaidi na kuamka mara chache zaidi, na akina mama wenyewe hali zao za moyo zikawa nzuri zaidi. Ni haki niseme kwamba utafiti ule ulidhaminiwa na kampuni inayotengeneza sabuni na mafuta ya watoto, kwa hiyo habari za mafuta nazipokea kwa tahadhari. Lakini mwaka 2015 yeye na wenzake wakaja na takwimu za akina mama 10,085 kutoka nchi 14, na jambo lililojitokeza halikuhitaji mafuta: kadiri utaratibu unavyofuatwa siku nyingi zaidi kwa wiki, ndivyo usingizi ulivyokuwa bora. Si lazima uwe utaratibu wa Marekani. Kwangu ni kunawa miguu kwa maji ya uvuguvugu, kuvaa fulana ya kulalia, kushusha chandarua, kukichomekea chini ya godoro pembe zote nne, dua, hadithi. Ile pembe ya nne mjukuu huichomekea mwenyewe. Akishaichomekea, ulimwengu wa nje umefungwa, na mwili wake unajua.

Kuna utafiti mmoja ambao nilipousoma nilisimama nikatembea chumbani. Ulifanyika Brazil, São Paulo, ukachapishwa mwaka 2021, chini ya Guilherme Brockington na wenzake. Watoto 81 waliolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi waligawanywa. Kundi moja likasimuliwa hadithi kwa karibu nusu saa, kundi jingine likapewa mchezo kwa muda uleule na watu walewale. Wakawachukua mate kabla na baada, wakapima kotisoli, homoni ya mfadhaiko, na oksitosini, homoni inayopanda mtu anapokuwa karibu na anayempenda. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini la hadithi lilipata nafuu karibu maradufu ya lile jingine, na maumivu yakapungua zaidi.

Na ule mchezo mwingine ulikuwa mchezo gani? Vitendawili!

Mimi nilicheka peke yangu. Kwa sababu mpangilio wa jioni tulioukuta kwa wazee katika jamii nyingi za huku ulikuwa vitendawili kwanza, kisha hadithi. Kitendawili ni cha kichwa ambacho bado kina moto: tega, tegua, nipe mji, toka. Kina mshindi na mshindwa. Kinachosha akili zinazotaka kukimbia. Kikishaisha ndipo hadithi inaingia, na katika hadithi hakuna wa kushindana naye. Watoto wa São Paulo hawakuwa wanalazwa usingizi, walikuwa wanatulizwa, na sitaki kuuvuta utafiti ule mbali kuliko ulipofika. Lakini wazee waliopanga jioni zetu hawakupanga hovyo.

Turudi kwenye mbao zetu. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alifika Zanzibar mwaka 1864, akaandika ngano alizosimuliwa na watu wa pale, na mwaka 1870 akazichapisha London kwa jina la *Swahili Tales*. Humo mna habari ya Sultani Majnuni na paka wake, anayeanza kwa kula mifugo, akapanda ngazi mpaka akala watu, mpaka akaitwa nunda. Hadithi ya kutisha kweli; kumpa mtoto usiku ni kurudia kosa langu la zimwi. Lakini tazameni mifupa yake. Mtoto wa mwisho wa sultani anaingia mwituni kumtafuta nunda. Anaua mnyama, anamburuta hadi nyumbani, anamuuliza mama yake kwa wimbo kama huyu ndiye. Mama anajibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi mwituni. Anaua mkubwa zaidi, anamuuliza tena, anajibiwa tena. Inapita kwa mbwa, punda milia, twiga, kifaru, tembo, na kila mara swali ni lilelile na jibu ni lilelile ila jina la mnyama. Ondoeni damu, bakizeni ngazi. Badala ya kuua, mtoto amepotelewa na mwanambuzi jioni na anauliza kila anayekutana naye. Wimbo uleule, jibu lilelile, kila mara kwa sauti ya chini kidogo. Mnayo hadithi ya kulalia ya Kiswahili isiyomwiga mtu.

Marudio ndiyo siri ya kazi hii. Mtoto anayejua kinachofuata hana sababu ya kukaa macho kukisubiri. Ndiyo maana anataka hadithi ileile jana, leo na kesho, na ndiyo maana ukibadili hata rangi ya mbuzi anafungua macho na kukusahihisha. Mzazi anachoka. Mzazi anafikiri hadithi imechuja, anatafuta mpya, na mpya inamwamsha mtoto. Jamani, ikichuja ndipo imeiva.

Wa Sweden mmoja, Carl-Johan Forssén Ehrlin, mtu wa saikolojia, aliandika kitabu cha sungura anayetaka kulala, akakichapisha mwenyewe, na mwaka 2015 kikapanda hadi kileleni kwa mauzo ya Amazon kule Uingereza. Nimekisoma. Kinamwelekeza msomaji mahali pa kupiga mwayo, mahali pa kuvuta sauti, mahali pa kuliweka jina la mtoto. Sungura anakutana na konokono mwenye usingizi, bundi mwenye macho mazito, na mjomba ambaye jina lake ni Mwayo. Kama fasihi ni uji wa maji, lakini hakikuandikwa ili kitunukiwe tuzo.

Nikasema nikilete nyumbani, maana sungura tunaye. Hapo nikagonga mwamba. Sungura wetu halali! Sungura wetu yuko macho tangu dunia iumbwe, anamhadaa fisi, anamkimbia simba, anakunywa kwenye kisima asichokichimba. Mara moja tu alilala, kwenye mashindano na kobe, na mnajua kilichompata. Tangu darasa la pili tumefundishwa kwamba kulala kwake kulimletea aibu. Nilimsimulia mjukuu kwamba Sungura amechoka, amekaa chini ya mbuyu, macho yanafumba. Mtoto akanyanyua kichwa.

"Babu, anajifanya tu. Anamsubiri Fisi."

Nilimwacha Sungura na shughuli zake.

Urefu. Mwaka 1947, New York, Margaret Wise Brown alitoa kitabu kiitwacho *Goodnight Moon*, michoro ya Clement Hurd. Kina maneno 130 hivi, machache kuliko tangazo la msiba redioni. Hakuna kinachotokea. Vitu vilivyomo chumbani vinaagwa kimoja baada ya kingine, na kurasa zinaingia giza kidogo kidogo kadiri unavyofunua. Maktaba ya Umma ya New York haikukiweka rafuni mpaka mwaka 1972, hakikuwapendeza wakubwa. Watoto hawakungoja ruhusa.

Hadithi fupi ina faida mbili. Ya kwanza ni ya mtoto: haimpi nafasi ya kuunda hoja. Ya pili ni ya mzazi, na hii naitilia mkazo kwa sababu wahadhiri wa malezi mara nyingi huisahau. Mama aliyesimama sokoni Ngamiani tangu alfajiri, ukimwambia amsomee mtoto nusu saa kila usiku, hukumsaidia, umemwongezea deni. Mwambie dakika tano. Mwambie hata tatu. Dakika tatu za kila siku anaziweza, na kama mlivyosikia, kilichohesabika kwa wale akina mama elfu kumi ni idadi ya siku. Wala hahitaji kitabu. Akikitaka vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukitoa vitabu vya Kiswahili Tanzania tangu mwaka 1991, na African Storybook, iliyoanza mwaka 2014, ina hadithi nyingi za Kiswahili za kusomwa bila malipo.

Ila chagueni. Hadithi nyingi zilizochapishwa kwa watoto wetu ni za mchana. Zina vitimbi, zina mwizi, na mwishoni zina maswali ya ufahamu. Maswali ni mazuri. Tangu utafiti wa Grover Whitehurst mwaka 1988 inafahamika kwamba ukisoma na mtoto huku ukimuuliza, ukimwacha akueleze picha, lugha yake inakua. Fanyeni hivyo saa kumi jioni, kwenye mkeka, na maandazi. Usiku msiulize kitu. Swali ni ndoano. Linamvuta mtoto juu wakati anazama.

Na tafadhali msitie mafunzo. Nimewasikia wazazi: "Basi Juma aliyekataa kuoga akaota vipele, akajuta." Mtoto si mjinga, anajua Juma ni nani. Kesi ya mchana imefufuliwa, naye kalala chali, hana wakili. Kama kuna karipio, litolewe kabla ya kunawa miguu. Ndani ya chandarua kesi zote zimefungwa.

Kuhusu sauti nitasema kidogo, nyingine mtazigundua wenyewe. Anzeni kwa mwendo wa mazungumzo ya kawaida, na kila mzunguko wa hadithi uwe mzito kuliko uliotangulia. Shusheni sauti mwisho wa sentensi, msipandishe. Pumueni polepole kweli, msiigize, kwa sababu mtoto aliyeegemea ubavuni kwako anausikia ubavu. Watoto wakiwa watatu kwenye godoro moja, msimulieni mdogo; wakubwa watajifanya hawasikilizi, na hiyo ndiyo njia yao ya kusikiliza.

Binti yangu yuko Leicester na wanawe wawili. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi, kwa hiyo mimi narekodi hadithi baada ya isha, namtumia, na wakati wao wa kulala ukifika anaifungua, anailaza simu kifudifudi juu ya meza. Sauti tupu, kioo hakionekani. Anasema watoto, ambao Kiswahili chao ni cha kuombea chai, hulala upesi kuliko mwenzao wa hapa. Sijui nifurahi au nihuzunike.

Sasa niwaonyeshe. Baada ya zimwi kufukuzwa na Sungura kustaafishwa, nilitunga hadithi ya jahazi. Linatoka Wete linakuja Tanga. Mjukuu yuko ndani ya chandarua, mimi niko nje kwenye kigoda, mkono wangu umepita chini ya wavu na amekishika kidole kimoja. Sisemi paukwa. Naanza kama mtu anayeendelea na jambo tuliloliacha jana.

"Jahazi limeng'oa nanga. Limepakia karafuu, na kuku mmoja mweupe. Nahodha ameshika usukani. Upepo mwanana, maji shwari, twende."

"Enhe," anasema.

Hii "enhe" ndiyo kipimo changu. Wazee waliitumia kujua nani yuko macho ili wamchangamshe asinziaye. Mimi naitumia kinyume. Ya kwanza ni kavu, ya mtu anayekagua. Nikiisikia hivyo najua safari bado.

"Limepita kisiwa cha Njao. Mikoko ya Njao imelala. Upepo mwanana, maji shwari, twende."

"Enhe. Na kuku?"

"Kuku yupo. Amejikunyata juu ya gunia. Limepita kisiwa cha Fundo. Wavuvi wa Fundo wamekunja nyavu. Upepo mwanana, maji shwari."

"Enhe."

Baada ya Fundo ni mkondo, bahari wazi, na pale sina visiwa vya kutaja, ndivyo nilivyotaka. Nasema jahazi linakwenda. Nasema nyota moja imetoka, na ya pili. Nasema mabaharia mmoja mmoja wanajilaza juu ya magunia, na karafuu zinanukia. Kila baharia ana jina, na majina ni yaleyale kila usiku. Baharia wa nne akishajilaza, ile "enhe" huwa imebaki "ee". Wa sita, ni pumzi tu. Kidole changu kinaachiwa. Nangoja kidogo, nasema sentensi mbili zaidi kwa tahadhari, halafu nautoa mkono na kuuchomekea wavu tena.

Alianza shule hapahapa Januari, na sasa anakaa nasi. Miezi saba jahazi lile linaondoka Wete kila usiku. Kuna kisiwa cha Ulenge kinakuja, chenye mnara wa taa, nimekiandalia maneno mazuri sana. Kisha Toten, kisha gati ya Tanga, ambapo bibi yake atakuwa amesimama na kanga ya njano akimsubiri yule kuku. Juzi asubuhi, akivalishwa soksi, aliniuliza kama jahazi limefika.

Nikamwambia bado.